Karatasi ya Samaki

"Jina la kwanza," alisema Mwenyekiti Stanczyk huku akishusha miwani puani, "Ernestine Purifoy, nyumba namba 2914, Mtaa wa Tolliver."

Ukumbi mzima ukamgeukia.

Hapo ndipo tulipomwacha juma lililopita, msomaji wangu. Bi Ernestine kasimama kwenye kipaza sauti mbele ya kamati ya ujenzi katika jumba la jiji la Milwaukee, kaja kuitetea bustani ya mtaa wake isijengwe ghorofa. Badala ya kusikilizwa anasomewa orodha ya wakazi ishirini na saba wanaoitaka hiyo ghorofa, na wa kwanza ni yeye!

"Uongo!" alifoka.

"Mama, tazama vizuri. Hii ni saini yako au si yako?"

Wakamletea karatasi. Bi Ernestine akaitazama. Saini ilikuwa yake. Mistari aliipiga mwenyewe kwa rula. Hata lile doa la mafuta pembeni alilijua, maana kidole kilichoacha doa kilikuwa chake.

Ilikuwa karatasi ya samaki.

Nikukumbushe upesi. Mwezi wa tatu, Ijumaa moja ya Kwaresima, kampuni ya ujenzi ya Kip Halvorsen iliwaalika watu wa Mtaa wa Tolliver kwenye ukumbi wa chini wa kanisa lao, kula samaki wa kukaanga. Na mtu wa Milwaukee ukimwita kula samaki siku ya Ijumaa, awe Mkatoliki, awe Mbaptisti, awe hana dini, atakuja. Palikuwa na samaki, chapati za viazi, kabichi ya siki na mkate mweusi. Ukutani walibandika michoro ya ghorofa. Nani atatazama michoro na samaki wa moto yuko mezani? Watu walikula, wakafuta midomo, wakaenda zao.

Ila Bi Ernestine ana desturi yake. Yeye ni katibu wa umoja wa mtaa, na tangu mwaka 1989 hakuna kikao kinachopita bila watu kuandika majina. Mwaka ule mtoto wa jirani aligongwa na gari, wakaenda mjini kuomba alama ya kusimamisha magari, na ofisa mmoja akawauliza, "Nyie wangapi? Nani anathibitisha?" Hawakuwa na karatasi. Alama ilikuja baada ya mtoto wa pili. Tangu hapo, uwe mkutano, uwe msiba, uwe usafi wa barabara, Bi Ernestine yuko mlangoni na ubao wake na kalamu yenye kamba. Andika jina kwanza, ndipo uketi.

Na usiku wa samaki alikuwa mlangoni vilevile. Juu aliandika neno moja, "Waliofika." Chini yake akatia saini, wa kwanza, kuonyesha mfano.

"Hii ni karatasi ya chakula!" alisema sasa. "Watu walikuja kula samaki, bwana!"

Kip Halvorsen akainuka taratibu. Kijana wa miaka thelathini na kitu, shati jeupe, meno yote nje.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, tuliwaalika wakazi kuja kuona mradi. Wakaja. Wakaandika majina, kwa hiari yao. Ernestine ni mtu mzuri sana, nadhani amesahau tu."

"Bi Purifoy," alisema Bi Ernestine.

"Samahani?"

"Jina langu kwako ni Bi Purifoy. Nilikuwa nawapakulia chakula watoto wa shule wakati mama yako hajajua kama atakuzaa."

Watu wakacheka. Halvorsen akacheka nao, na hilo likamchoma zaidi.

"Bi Purifoy basi. Mimi sielewi tunagombania nini. Eneo la kijani limo kwenye mchoro." Akaonyesha kwa kidole ukanda mwembamba wa rangi ya majani nyuma ya jengo la ghorofa tano. "Hapa. Nyasi safi, viti viwili, na sehemu ya mbwa kukimbia."

"Nani ataingia humo?"

"Wapangaji wetu wote. Kila mmoja atakuwa na kadi ya mlango."

"Na mbwa wake?"

"Na mbwa wake, bila shaka."

"Kwa hiyo mbwa ana ruhusa, mimi sina."

Safari hii hakucheka mtu.

Jamani, bustani ile ina miaka ishirini na mbili! Viwanja vyake vinne vilikuwa na nyumba nne, zikaungua moja baada ya nyingine, jiji likaja na tingatinga likazika matofali palepale likaondoka. Mume wake, Cleophus, Mungu amrehemu, aliyatoa matofali yale kwa mikono yake, moja moja, majira matatu ya kiangazi, mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Ndipo ikaota sukuma wiki. Ikaota nyanya, na bamia ya mbegu aliyoibeba mama yake Ernestine kutoka Mississippi ndani ya soksi. Mtaa ule hauna duka la mboga kwa mwendo wa mabasi mawili. Na kwenye karatasi za Halvorsen pale mahali pameandikwa "kiwanja kitupu."

"Bi Purifoy, dakika zako zimekwisha," alisema Mwenyekiti.

Bi Ernestine hakutoka. Kichwani alikuwa anapiga hesabu nyingine. Karatasi ile aliichukua usiku uleule akaitia kwenye jalada la umoja. Halvorsen hakuigusa. Na jalada, tangu chumba cha chini cha Bi Ernestine kianze kuingia maji, linakaa kwa mtu mmoja tu.

Akageuka. Mstari wa tatu, mkoba mapajani, fimbo kando, alikaa Odessa Crump. Makamu wa umoja, dereva wa gari la kanisa, rafiki yake wa miaka arobaini na moja. Ndiye aliyemleta asubuhi ile. Na juma lililopita, kwa macho yake, Bi Ernestine alimwona Odessa kibarazani kwake akiongea na Halvorsen na kucheka.

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo ilimpanda Bi Ernestine kichwani kama pombe.

"Nimeshajua," alisema kwenye kipaza sauti. "Nimemjua aliyewapa."

"Mama, tafadhali..."

"Odessa! Simama wakuone!"

Odessa akamtazama bila kuelewa. "Unasemaje, Ernestine?"

"Nasema simama! Jalada liko kwako. Walikuahidi nini? Nyumba ya chini kwenye ghorofa lao? Lifti? Jamani, amenunuliwa kwa lifti!"

"Ernestine, nyamaza. Tutaongea nje."

"Nje kuna nini? Huyu mnayemwona," na sasa alikuwa anaiambia kamati, kamera ya televisheni ya jiji, na kila aliyekuwa na masikio, "hawezi tena ngazi za nyumba yake! Kila asubuhi anashuka kwa makalio kama mtoto mchanga! Ngazi kumi na nne! Kanisani anawaambia watu magoti ni mazima. Kumbe ametuuza wote apate lifti!"



Siri ile Odessa alimwambia yeye peke yake, jikoni, akilia, baada ya kumwapisha kwa kaburi la Cleophus. Hata watoto wake hawaijui. Alikuwa mwanamke wa kofia na glavu, wa kuingia kanisani kidete. Hasira ni hasara, lakini aliyekwisha kukasirika humwambii kitu.

Uso wake ulikuwa mkavu kabisa.

Mwenyekiti Stanczyk akakohoa. Hakuwa mtu mbaya sana, alikuwa mtu aliyetaka kwenda kula. "Nisikilizeni. Kamati haipendi fujo. Majina ni ishirini na saba. Wakija kumi na wanne, yaani zaidi ya nusu, wakasimama hapo wenyewe, kwa miguu yao, wakasema majina yao yatolewe, orodha hii naitupa na mradi naurudisha kwa kampuni. Wasipofika, tunapiga kura. Saa nane kamili."

"Mimi naondoa langu sasa hivi!" alisema Bi Ernestine.

"Mmoja. Bado kumi na watatu."

Saa nne na nusu ilikuwa. Watu wenyewe wazee, hawana magari, na basi kutoka Mtaa wa Tolliver ni saa nzima likiamua kuja. Gari ni lile la kanisa. Na ufunguo wa gari la kanisa ulikuwa ndani ya mkoba wa Odessa.

Odessa akainuka. Akashika fimbo, akatembea hatua kwa hatua hadi mlangoni, na wote wakayatazama magoti yake. Hakugeuka nyuma.

"Nenda!" Bi Ernestine alimpigia kelele. "Kimbia na ufunguo wako!"

Akabaki anatweta. Kisha akasema moyoni, huyu simwachi. Nitatafuta ushahidi, nimwaibishe hadi kwa mchungaji. Akashuka chini, chumba cha kumbukumbu, kwa karani aitwaye Delgado, kijana mpole aliyemjua miaka mingi.

"Delgado mwanangu, hii karatasi imewafikiaje? Nataka jina la aliyeileta."

Delgado akaipokea, akaigeuza, akaonyesha muhuri nyuma. "Hii haikuletwa na kampuni, Bi Ernestine. Imetolewa nakala kwenye faili letu. Faili la bustani."

"Faili la bustani nani aliitia humo?"

Kijana akamtazama kama anayeogopa kujibu.

"Si wewe?"

"Mimi?"

"Tarehe ishirini na nane, mwezi wa tatu. Ulikuja kuhuisha kibali cha bustani kama kila mwaka. Nilikupokea mimi mwenyewe, hata pai ya viazi vitamu ulituletea. Tazama, saini yako hii hapa kwenye kitabu cha mapokezi."

Msomaji, kuna vitu mtu huvijua palepale, kabla hajaambiwa. Kila mwaka jiji linataka uthibitisho kwamba bustani ina watu. Kila mwaka Bi Ernestine huambatisha karatasi zote za mahudhurio. Ya kupanda, ya kupalilia, ya kuvuna. Mwaka huu theluji ilikaa muda mrefu, vikao vilikuwa vichache, faili likawa jembamba. Akalichukua jalada kwa Odessa siku moja tu, akachomoa karatasi iliyojaa majina kuliko zote, akaiweka juu. Ili faili linenepe. Ili wajue watu wapo!

"Na Halvorsen?" aliuliza.

"Alikuja mwezi wa nne, akaomba nakala. Mtu yeyote anaruhusiwa. Ni sheria."

"Kwa hiyo Odessa..."

"Odessa ni nani?" aliuliza Delgado.

Bi Ernestine akakaa kwenye kiti cha wageni. Alikuwa amejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe, na alipoungua akamrushia sufuria mtu asiyekuwa na kosa.

Akapiga simu. Ikaita, ikaita, haikupokelewa. Akapiga tena. Mara sita. Akatoka nje hadi uwanja wa magari, pale walipoegesha asubuhi wakigombania nani alipie mashine ya maegesho. Pamebaki pengo.

Saa sita. Saa sita na nusu. Akampigia Mzee Lucius Tate, jirani wa mkono wa kulia, mzee apumuaye kwa mtungi wa hewa.

"Lucius, vaa viatu, tafuta teksi, jina lako liko..."

"Viatu vya nini tena? Niko garini."

"Gari gani?"

"La kanisa, la nani? Odessa katupitia mlango kwa mlango. Sasa tunamngoja Bi Hattie avae wigi lake."

"Odessa? Kasemaje?"

"Kasema ingieni. Hakusema kingine. Ernestine, mama huyu ana nini leo? Nimemtania, hajacheka."

Hawajaona televisheni, basi. Ee Mungu, hawajaona! Bi Ernestine alikaa kwenye ngazi za jumba la jiji akalia bila kujificha. Baada ya yote yale, Odessa amekwenda kuwaleta. Akaanza kuyapanga maneno. Nitapiga magoti mbele ya watu wote. Nitamwambia shetani alinipanda. Nitamwambia aje akae kwangu, nyumba yangu haina ngazi za kupanda, chumba cha Cleophus kipo. Mbona sikumwambia hivyo siku ile jikoni? Swali hilo lilimuuma kuliko yote, maana jibu alilijua. Alipenda kuwa na nyumba yake peke yake.

Saa nane kasoro dakika kumi, mlango wa ukumbi ukafunguliwa.

Wakaingia. Mzee Lucius na mtungi wake wa magurudumu. Bi Hattie na wigi limekaa upande. Mapacha wa Gaines waliostaafu posta. Wengine nyuma yao. Bi Ernestine akawahesabu kwa midomo: kumi na wawili. Na nyuma ya wote, kwa fimbo, Odessa.

Kumi na wawili na yeye ni kumi na watatu. Na Odessa kumi na wanne. Kumi na wanne kamili!

Akamkimbilia kwenye njia katikati ya viti. "Odessa, dada yangu, nisamehe. Nilikosea. Karatasi niliileta mimi, kwa mkono wangu. Nimeona muhuri. Hukufanya chochote."

"Najua sikufanya chochote," alisema Odessa.

"Yule Halvorsen nilimwona kibarazani kwako, nikadhani..."

"Alikuja kuniuliza kama nataka nyumba ya chini. Nikamcheka. Nikamwambia rafiki yangu ana bustani pale." Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Nipishe, Ernestine. Watu wanangoja."

Mwenyekiti akaanza kuita. Mzee Lucius akawa wa kwanza, akakishika kipaza sauti kama kuku anayetaka kutoroka.

"Lucius Tate. Mimi nilisaini samaki, sikusaini ghorofa. Na samaki wenyewe walikuwa wakavu. Toa jina langu."

"Wawili," alisema Mwenyekiti.

Bi Hattie. Watatu. Mapacha wa Gaines, wakasema kwa pamoja. Watano. Halvorsen alikuwa ameacha kutabasamu, ananong'ona na mwanasheria wake. Tisa. Kumi. Mama mmoja akasahau alichojia, akaanza kusimulia nyanya, wakamkumbusha. Kumi na mmoja. Kumi na wawili.

"Kumi na watatu," alisema Mwenyekiti, akatazama saa ya ukutani. Ilibaki dakika mbili. "Nani mwingine?"

Fimbo ikagonga sakafu. Odessa Crump alikwenda mbele polepole, kofia imenyooka, glavu mkononi. Watu wa Mtaa wa Tolliver wakaanza kupiga makofi. Bi Ernestine akajifunika mdomo, machozi yakimpita vidoleni.

Odessa akangoja makofi yaishe.

"Naitwa Odessa Crump," alisema, "nyumba namba 2920. Jina langu ni la pili kwenye hiyo karatasi, chini tu ya la Bi Purifoy. Mimi ndiye yule ninayeshuka ngazi kwa makalio. Ngazi kumi na nne. Nadhani mlisikia asubuhi, na wasiosikia watasikia leo jioni kwenye televisheni."

Mzee Lucius akageuka kumtazama Bi Ernestine. Wote wakageuka.

"Nimewaleta hawa kwa sababu majina ni yao, na mtu ana haki ya jina lake. Langu nalo ni langu."

"Kwa hiyo, Bi Crump," aliuliza Mwenyekiti, kalamu mkononi, "tulitoe?"

Odessa akafungua mkoba. Akatoa funguo za gari la kanisa, akaziweka juu ya meza mbele ya kamati, kwa upole, kama anayerudisha kitu cha kuazima.

"Liacheni," alisema. "Na huyo kijana mwenye meno, mwambieni nyumba ile ya chini nimeitaka."